Ulimi Wangu na Sikio la Bi Nane

Watu wasioijua kazi yetu wataona kinyaa, lakini acha niseme: ukitaka kujua kama kitu ulichookota kwenye udongo ni mfupa au ni jiwe, kilambe. Jiwe halina habari na wewe. Mfupa unaushika ulimi, unang'ang'ania kidogo, ndipo unauachia. Nimeifanya kazi hii miaka thelathini na mmoja na ulimi wangu haujakosea hata mara moja. Hata wale wenye vyeti vya ng'ambo walikuwa wakikwama wananiletea, wanageuka pembeni wasione, halafu wanauliza, "Vipi?" Ndiyo maana kazini hakuna anayeniita kwa jina langu. Naitwa Mzee Ulimi, na wala sikasiriki.

Mimi ni fundi wa mifupa kwenye jumba la makumbusho. Napokea masanduku kutoka machimboni, nachekecha udongo, napiga mifupa mswaki, naunga kilichovunjika, naandika namba kwa wino mweusi. Chumba changu kiko chini ya ngazi. Kina mabeseni mawili, taa ya kuinamisha, na tangu mwaka juzi kina tangazo la herufi kubwa kuliko zile za mlango wa choo: MIFUPA HAILAMBWI. Aliyelibandika ni Profesa, bosi wangu, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na kila siku anaitafuta ya tatu. Alisema siku hizi wanapima vinasaba, na mate ya mtu yanaharibu vipimo. Nikamwambia sawa, Profesa. Akitoka, nalamba.

Sasa nyumbani nilikuwa nimebaki na kitinda mimba wangu tu. Dada zake wameolewa, mama yao ametangulia mbele ya haki mwaka wa saba huu, tukawa wawili. Mimi napika kwa kuwa natoka kazini saa tisa, yeye anaosha vyombo. Binti huyu tangu ana miaka minne alitaka kitu kimoja, kuendesha treni. Si kupanda, kuendesha. Tukamwita Dereva kwa utani, jina likamganda. Akasoma, akafaulu mitihani yote ya shirika la reli, breki, ishara, injini, ikabaki kupimwa afya tu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Damu yake ilikuwa nane, na wao wanataka kumi na mbili. Walisema dereva hawezi kuzimia akiwa amebeba watu mia sita, na hapo hata mimi sikuwa na la kubisha.

Daktari wa reli akampima huku na huku, mpaka akamwingiza mpira wa kuangalia tumboni, akaja na jibu: ugonjwa wa siliaki. Yaani mtu akila ngano, utumbo wake unaiona adui, unapigana nayo mpaka unajiumiza wenyewe, na chakula kingine chote kinapita tu bila kumfaa kitu. Dawa yake ni moja, asiguse ngano, hata chembe. Akapewa miezi mitatu arudi kupimwa mara ya pili, na ya tatu hakuna. Akifika kumi na mbili, treni yake. Asipofika, nafasi anapewa mwingine.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele yake.

"Ngano?" nikamwambia. "Mkate huu huu? Mwanangu, mimi nimeshika wafu zaidi ya mia nne kwa mikono hii. Wamekufa kwa mikuki, kwa uzazi, kwa kuanguka, wengine kwa jino tu. Sijaona hata mmoja aliyeuawa na mkate."

"Ungewajuaje, baba?"

"Ningewajua."

"Wameandikwa kwenye paji la uso?"

"Hayo ni maradhi ya kisasa," nikasema. "Ya watu wenye nafasi. Tumbo langu linaunguruma mwaka wa hamsini sasa, linajaa gesi, linanikimbiza chooni kila asubuhi. Umewahi kunisikia nalalamika? Babu yako naye alikuwa hivyo hivyo. Ndivyo matumbo ya ukoo wetu yalivyo. Siku mtakayonionyesha mfu mmoja wa zamani, mmoja tu, mwenye ugonjwa wako huo, nitakuomba radhi nimepiga magoti."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Na kuinuka utaweza?" akauliza, maana magoti yangu anayajua.

Basi akaacha mkate. Mwezi wa kwanza haukuisha, mtoto akarudi mashavu. Akaanza kuimba bafuni, nyimbo zenyewe hazijui, anarudia mstari mmoja mpaka sabuni inaisha. Alipanda ngazi za nyumba yetu mbili mbili. Mzazi mwenye akili zake angefurahi. Mimi nilifurahi nusu, na nusu nyingine ikawa inanikereketa, kwa sababu nilishasema, na nilishawasimulia watu kazini nilivyosema, na wakacheka. Nikajiambia ni vile vidonge vya kuongeza damu alivyopewa, mkate umesingiziwa bure.

Hapa nitasema wazi, maana nikizunguka mtajua tu nazunguka. Nilianza kumtilia unga wa ngano kwenye mchuzi. Kijiko kimoja kila jioni, nimeukoroga na maji kwanza, ukichemka na vitunguu huoni wala huonji kitu. Nilikuwa na mpango wangu. Atakula hivyo mpaka siku ya kupimwa, atakuta damu imejaa, atarudi nyumbani anacheka, na mimi nitamwambia: mama, umekula ngano siku zote hizi, mbona hujafa? Nilishapanga mpaka kiti nitakachokalia wakati nasema.

Wiki ya kwanza hakikutokea kitu. Nikavimba kichwa.

"Baba, siku hizi mchuzi wako mzito kweli," akasema, analamba kijiko. "Nani kakufundisha?"

"Uzoefu," nikasema.

Wiki hiyo hiyo, dunia nayo ina visa vyake, kazini likaletwa sanduku namba nane. Ndani mna mifupa ya mwanamke aliyezikwa karne nyingi zilizopita, na kwa kuwa hakuacha jina tukamwita Bi Nane. Nikampiga mswaki, nikampanga mezani juu ya kitambaa cheusi, kichwa huku, miguu kule. Alikuwa mdogo, mwepesi, ukimnyanyua paja unaona umebeba kijiti. Profesa akashuka, akavaa miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akamwinamia kwa muda mrefu. Kisha akaniita nione.

"Angalia juu ya macho, ndani ya matundu," akasema. "Umeviona hivi vitobo vidogo? Hiyo ni damu pungufu, ya miaka mingi. Angalia meno. Mistari hii inatokea mtoto akiacha kukua, anakua tena, anaacha tena. Kafa na miaka kama ishirini, na urefu wa mtoto wa miaka kumi na mbili."

"Njaa," nikasema.

"Njaa na shanga za dhahabu?" Akanionyesha trei ya vitu alivyozikwa navyo, shanga, vioo viwili, na chungu kikubwa chenye punje zilizoungua. "Hii ni ngano. Kaburini kwake waliweka chungu kizima cha ngano. Huyu alikuwa mtoto wa watu, Mzee. Alikula kila siku, na kadiri alivyokula ndivyo alivyokwisha."

Mswaki ukaniponyoka. Nikainama kuutafuta na nikakaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Nafikiri alikuwa na siliaki," sauti ya Profesa ikasema huko juu. "Nikipata alama yake kwenye vinasaba, tutakuwa tumeufuata ugonjwa huu nyuma zaidi kuliko mtu yeyote niliyemsoma."

"Profesa," nikasema nikiwa chini, "umeongea na binti yangu?"

"Binti yako yupi?"

"Basi, hakuna."

Aliniachia kazi ya kuchekecha udongo uliobaki kwenye sanduku. Vinasaba vya mtu wa kale hukaa vizuri zaidi kwenye mfupa mmoja wa ndani ya sikio, mgumu kuliko yote mwilini, na upande wa kulia wa kichwa cha Bi Nane ulikuwa umevunjika, kipande chenyewe hakionekani; wa kushoto ulikuwa mzima na Profesa hakutaka kuutoboa. Nikachekecha asubuhi nzima. Kama saa sita nikapata kitu cha ukubwa wa kokwa ya tende, kijivu, kizito, kina ufa katikati. Jiwe? Mfupa? Nikalitazama tangazo ukutani. Nikautazama mlango. Nikakilamba.

Hakikunata vizuri. Mfupa ule ni mgumu, hauna vitundu vingi vya kushika ulimi. Nikalamba tena. Bado sina uhakika, na mimi bila uhakika siandiki namba. Basi nikakitia mdomoni chote, nikakizungusha kama pipi, na hapo, upande wenye ufa, kikanishika. Nikakitema, nikakisuuza, nikakikausha kwa hewa, nikampelekea Profesa kwenye karatasi safi. Alifurahi karibu anikumbatie. Kikafungwa kikapelekwa maabara. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema, nilijitia hamnazo.

Nyumbani, wiki ya tatu ya kijiko, Dereva akaacha kuimba. Wiki ya nne akaanza kupumzika katikati ya ngazi. Vidonda vikamtoka mdomoni, usiku anaenda chooni mara tatu, namsikia. Nikamwambia ni woga wa mtihani. Yeye hakuliacha jambo lake hivyo hivyo. Akasoma sijui wapi kwamba chembe za ngano hujificha kwenye vyombo vya zamani, akatupa mwiko wa mbao wa marehemu mama yake, akabadilisha sabuni, akabadilisha dawa ya meno, akachukua masufuria yote akayasugua kwa mchanga na chuma mpaka yakang'aa. Lile kubwa la mchuzi lilimshinda uzito. Nikamshikia ili asugue vizuri.

Mtanihukumu, na mna haki. Lakini mtu akishabisha sana, kurudi nyuma ni kazi ngumu kuliko kusonga mbele. Siku hiyo ya masufuria nilipunguza, kijiko kikawa nusu. Nikajiona nina huruma.

Halafu yakaja majibu ya maabara. Profesa alishuka ngazi anakimbia, miwani moja imebaki huko juu. Alama imepatikana! Aliyekuwa akisema kwa upole siku zote, siku hiyo alipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Akampigia Mkurugenzi simu pale pale mezani kwangu, akamwambia ni msichana wa miaka ishirini, wa karne na karne zilizopita, na alama ya siliaki anayo waziwazi. Ikaletwa keki. Nikala vipande viwili kwa sababu watu walikuwa wananiangalia, na tumbo langu likaanza hotuba yake mbele ya Mkurugenzi.

Jioni ile mkono wangu ulienda kwenye kopo la unga, ukarudi. Nikalibeba kopo zima nikalimwaga nyuma ya nyumba. Zilibaki siku kumi kabla ya Dereva kupimwa. Nikawa nampikia maini, mboga za majani, mayai, namwambia kula, mama, ongeza. Niliamini kwamba siku kumi zitafuta siku thelathini na mbili, na kwamba sitalazimika kumwambia mtu kitu chochote. Habari za Bi Nane sikumpa. Nilimwambia kazini kimya, tunaosha vyungu tu.

Siku tatu baadaye barua nyingine ikaingia, na hii Profesa hakushuka nayo mbio. Alituita ofisini kwake wote tuliogusa sanduku namba nane, mimi, yeye, mpiga picha na mama wa usafi. Akasoma taratibu. Maabara walikuwa wamerudia kipimo kama taratibu zao zinavyotaka, na wanasikitika kutujulisha kwamba msichana wetu ni mwanamume. Tena vinasaba vyake havijachakaa hata kidogo. Kwa makadirio yao, huyo mwanamume yuko hai.

"Yuko hai," Profesa akarudia, akatuangalia mmoja mmoja. Mpiga picha ni mwanamke. Mama wa usafi ni mama wa usafi. Mimi nikaangalia dirishani.

Tukaambiwa kila mtu atoe mate kwenye kichupa, yalinganishwe. Nikasema nina homa. Profesa akasema mate ya mwenye homa yanafaa vilevile. Nikasema mdomo umekauka, labda kesho.

"Mzee Ulimi," akasema, "leo ndiyo umekosa mate?"

Mama wa usafi akacheka mpaka akakaa chini. Nikatema kwenye kichupa, na ukatumwa mfupa wa sikio la pili la Bi Nane, la kushoto, ambalo Profesa alilitoa mwenyewe kichwani, amevaa glavu mbili na mlango kaufunga kwa ufunguo, mimi niko nje.

Majibu yalikuja siku ile ile Dereva aliyokwenda kupimwa. Alikuwa ameondoka asubuhi kavaa shati la bluu la wanafunzi wa reli, hakutaka nimsindikize. Nilipofika kazini Profesa alinikalisha kwenye kiti cha wageni, nikajua leo nimeula wa chuya.

"Nilimwambia Mkurugenzi ni msichana wa miaka ishirini," akasema. "Kumbe ni wewe na ndevu zako."

"Ulikuwa kama jiwe, Profesa."

"Uliulamba."

"Kidogo."

"Wanasema mate yalifika mpaka ndani ya ufa."

"Nilikitia mdomoni."

Akavua miwani zote mbili, akajisugua macho. Nilidhani analia, kumbe anajizuia kucheka, na akashindwa. Alicheka peke yake kwa muda, mimi nimekaa na kofia yangu mapajani. Kisha akawa mtu wa kazi tena. Akasema onyo langu la maandishi litakuja, na nimelistahili. Akasema sikio la kushoto ni safi. Ni la msichana kweli, vinasaba vya kale kweli, na alama anayo.

"Kwa hiyo kile kipimo cha kwanza hakikudanganya?" nikauliza.

"Hakikudanganya. Kilikuwa kinasema habari zako. Alama mnayo wote wawili, yeye yake na wewe yako." Akanisogezea karatasi ambayo nisingeielewa hata ningekaa nayo mwaka. "Sasa nisikilize. Kuwa na alama si kuumwa, watu wengi sana wanayo na hawaumwi kitu. Lakini tumbo lako lile tunalisikia mpaka ghorofa ya pili. Nenda kapimwe. Na jambo hili linakwenda kwa damu, Mzee, mzazi kwa mtoto. Na watoto unao, sivyo?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimekitafuta kwenye udongo wa watu miezi mizima. Nikamwambia ninao. Nikamwomba ruhusa, nikaenda nyumbani, na njia nzima nilikuwa naomba damu ya mwanangu iwe kumi na mbili, hata kumi na moja na nusu wamwonee huruma, ili nimweleze mambo mengine yote akiwa na furaha.

Nilimkuta jikoni amekaa, shati la bluu amelivua amelikunja vizuri juu ya meza. Hakuwa analia. Alikuwa ameshamaliza.

"Saba na nusu," akasema.

Nikakaa.

"Imeshuka, baba. Daktari kasema sikufuata masharti. Nikamwapia. Nikamwambia nimetupa mpaka mwiko wa mama. Akaniangalia kama muongo tu, akasema kesho anaandika barua kwa shirika, nafasi ipewe mwingine." Akalilaza shati upande wa pili, akalikunja upya. "Nimekaa hapa nafikiri. Labda wewe ndiye uliyesema kweli. Labda si ngano wala nini. Labda ni mimi tu nilivyo, sina nguvu, na nilikuwa natafuta cha kusingizia."

Miezi mitatu nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile nilichokipanga. Nikaona aibu ambayo sijapata kuiona maishani, nikasema yote bila kupumua: unga, kijiko, mchuzi mzito, nusu kijiko, Bi Nane, sikio, mate yangu, alama yangu. Niliposema ni mimi niliyempa ugonjwa akiwa hajazaliwa, alinikatiza.

"Hilo hukulijua," akasema. "Vijiko vingapi?"

"Kimoja kwa siku. Mwishoni nusu."

"Siku ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Nilisugua yale masufuria mpaka kucha zikatoka damu. Wewe ukanishikia."

"Nilikushikia."

"Ulikuwa unafikiria nini wakati unanishikia?"

Nikaanza kumwambia jinsi Bi Nane naye alivyokuwa mdogo, alivyozikwa na shanga, ili aone kwamba nimeelewa sasa. Akainuka.

"Usinisimulie habari za wafu, baba. Kesho saa mbili utakuja kwa daktari, useme mwenyewe kwa mdomo wako."

Usiku ule kila mtu alikula chumbani kwake, kama ni kula. Asubuhi alikuwa tayari mlangoni na begi kubwa. Nikalichukua nimbebee, hilo angalau hakunikatalia. Lilikuwa zito, nikadhani ni buti za kazini anazorudisha pamoja na vitabu vyao. Kwenye chumba cha daktari hakukuwa na mahali pa kuliweka, nikalipakata.

"Daktari," nikaanza, "kulitokea ajali ndogo ya jikoni."

"Si ajali," binti yangu akasema.

Basi nikasema ilivyo. Daktari wa reli ni mwanamume mnene mwenye sauti ya kulala, lakini nilipofika kwenye kijiko aliiweka kalamu chini na kuniangalia vizuri. Akaniuliza umri wangu. Nikamwambia. Akauliza kazi yangu. Nikamwambia. Akasema, "Yaani unaosha mifupa ya watu waliokufa, na wa kwako aliye hai unamfanyia hivi." Kisha akamgeukia Dereva akamwomba radhi kwa kutomwamini. Alisema hivyo, neno radhi, lilimtoka upesi na bila shida, na mimi nikalisikia nikiwa nimekumbatia begi. Lakini nilikuwa na kiburi bado kidogo, nikajiambia langu nitalisema tukifika nyumbani, tukiwa wawili.

Alinipa karatasi niandike kila kitu, na tarehe, na niweke sahihi. Akapiga simu mbili. Ya pili ilichukua muda, akawa anasema ndiyo, ndiyo, baba mzazi, ndiyo, hata mimi nimeshangaa. Alipoweka simu akasema barua haitakwenda. Shirika litamngoja miezi mitatu mingine, kwa sababu karatasi yangu inaonyesha kosa si lake. Dereva akafumba macho, akayafumbua. Nikataka kumshika mkono lakini begi lilikuwa katikati yetu.

"Sasa mara hii sitaki kubahatisha," daktari akamwambia. "Nijue chakula chako kinatoka wapi. Nyumbani nani anapika?"

Nilishafungua mdomo. Nilikuwa na ahadi nzuri kabisa: kopo nimeshalimwaga, masufuria mapya nitanunua, na mimi mwenyewe ngano nimeiacha kuanzia jana.

"Napika mwenyewe," binti yangu akasema. "Nimepata chumba karibu na stesheni. Nimehama asubuhi hii."

Daktari akaandika. Mimi nikaliangalia begi mapajani mwangu, nikaona mkono wa shati la bluu umebanwa kwenye zipu.

Nje, jua lilikuwa kali na watu wengi. Nikamwambia samahani, pale barabarani, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mtu mmoja akageuka. Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Alisema atakuja kuniona Jumapili, na kwamba nisiache kwenda kupimwa.

"Njoo mapema," nikamwambia. "Nitakupikia wali na samaki, hamna kitu ndani, nitapika mlango uko wazi ukiona."

"Nitakuja nikishakula, baba," akasema, akalichukua begi lake mikononi mwangu.